Kiti cha Mbele cha Gari la Baba Yenu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifungua mimba izime hiyo simu, maana sauti niliyobaki nayo ni ndogo na sitarudia. Nyumba mmeshagawana kwa amani, nashukuru. Kinachowagombanisha ni gari la marehemu baba yenu, ambalo wewe unataka kumuuzia yule tajiri, na dada yako anataka lipelekwe makumbusho.

Lilikuja jeusi, zito, gari la wakubwa. Baba yenu, wakati huo kila redio inapiga nyimbo zake, akalipaka rangi ya dhahabu, akaweka honi inayolia mwanzo wa wimbo wake, akatundika mapazia ya zambarau ambayo hayakuwahi kufunga vizuri. Kisha akamwita fundi viti, kikang'olewa kiti cha mbele cha abiria, pakatengenezwa kitanda cha mahameli cha kulaza gitaa, na mkanda wa kulifunga lisianguke. Gitaa likakaa mbele na dereva, yeye nyuma na wageni wake, mimi nikafuata kwenye basi la bendi pamoja na maspika. Watu walikuwa wakilipungia gari mkono, wakidhani nimo nyuma ya pazia. Iliniuma, sisemi uongo, halafu nikazoea.

Kile kiti nilimwomba fundi, akakipigia miguu ya mbao. Ndicho hicho cha jikoni. Hapo niliwanyonyesha nyote wawili, na hapo ndipo alipokaa yule tajiri jana, akiniuliza kama kuna kipande chochote cha asili cha gari kilichosalia. Nikamwambia anywe chai isije ikapoa.

Sasa shikeni haya. Kesho asubuhi fundi aitwe, kitanda cha gitaa kitoke, kiti kirudi mahali pake. Najua bila kile kitanda bei itashuka, ishuke. Mnibebe mnikalishe mbele, dereva anizungushe mtaani polepole, mapazia yote wazi. Nikiwa sijaamka, akae dada yako, nawe mwanangu ukae nyuma utulie. Baada ya hapo mtauza, mtahifadhi, shauri lenu, ni lenu sawasawa, ila msilitolee maneno mbele ya watu.

Radhi zangu nawaachia nyote. Mungu awatunze, na... nipeni maji kidogo. Binti yangu, mama, mkono wako uko wapi? Haya. Na ile honi... mwambieni dereva aipige. Aipige sana, watu watoke nje, wanione.