Rula, Aliyeandika Herufi Zote kwa Kimo Kimoja

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, mliyemjua kwa jina la Rula, fundi wa kuandika mabango, na mniwie radhi nikikwama, maana historia hii wajomba wameikatakata kwa hofu, mpaka wifi yangu akasema basi afadhali tusome tarehe tu twende zetu.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, katika chumba cha nyuma cha duka la rangi la baba yetu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, ambako alichapwa zaidi kwa kuuliza kuliko kwa kukosea, kisha mwaka 1973 akaingia karakana ya mabango, na sheria yake ikawa moja, kwamba sentensi moja huandikwa kwa herufi za kimo kimoja, mteja apende asipende.

Tarehe 14 Aprili 1984 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule, mwanamke pekee aliyemweza kwa ubishi, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja muuguzi, mwingine dereva wa lori, wote wapo hapa na wote wabishi.

Mwezi Machi 2016 aliitwa kuandika kwenye ukuta wa ofisi ya wilaya ibara ya katiba inayompa kila mtu uhuru wa kusema, mkuu wa ofisi akamwagiza uhuru auandike kwa herufi kubwa, yale masharti yake, usalama, maadili, heshima za watu, ayabane kwa herufi ndogo chini kabisa karibu na mfereji, Rula akamjibu kwamba sentensi haikatwi kiuno, akaandika yote sawasawa, na ukuta ulipojaa ikaonekana masharti ni marefu kuliko uhuru wenyewe, wapita njia wakasoma, wakacheka, na jioni akakamatwa kwa kuikejeli katiba, ambayo hakuiongezea hata nukta.

Jamani, kesi yenyewe inachosha. Leo hakimu yuko semina, kesho shahidi hayupo, keshokutwa ukuta wenyewe umepakwa chokaa, miaka ikaenda hivyo, na muda wote alikatazwa kuizungumzia kesi yake, hata mezani kwake, eti iko mahakamani.

Mwaka 2022 alianza kuugua figo, akafariki asubuhi ya tarehe 6 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake muuguzi.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotuchotea maji, mafundi wenzake waliomsindikiza mahakamani kila alipoitwa, na hata wajomba zetu, maana hofu yao ilikuwa ya upendo.

Jana karani wa mahakama alitupigia simu, akasema kesi imefutwa kwa kuwa mshtakiwa amefariki, hivyo sasa ni ruhusa kuizungumzia, ndiyo maana nimesoma yote. Sasa! Kaka, ruhusa yako imefika, na mwenye la kusema ulikuwa wewe.

Pumzika, Rula, kwa amani isiyo na masharti.