Kioo Kilichofungwa kwa Leso

Mnaniangalia miguu. Angalieni tu, sikatazi. Visigino hivi vilikuwa vimepasuka mpaka vinashika blanketi, na kama havingepona, nisingekuwa nimesimama mbele yenu hapa Kiminini. Najua leo tuko na wajane wapya, wengine hata matanga haijapoa. Basi sitawaficha kitu.

Mume wangu alikuwa mtu wa Bungoma. Mimi ni wa wale ambao wazee wao walitoka mkoa wa Central wakaja kulima huku Trans-Nzoia. Alipokufa, mama mkwe alikuja nyumbani kwetu Tuwan, mtaa wa Kitale, kabla hatujampeleka marehemu kwao kuzikwa. Boma la kwao liko na desturi yake: mtu akifa, kioo cha nyumba yake kinafunikwa. Mama akachukua leso yangu, akakizungusha kile kioo kirefu cha chumbani, akafunga fundo. Kwetu hatuna hiyo. Halafu kwenye matanga nikasikia mwanamke mmoja akisema ati kioo kikifunguliwa ovyo, marehemu anaonekana amesimama nyuma yako.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilikosea. Niliogopa na sikuuliza. Nikajiambia aliyefunga ndiye atafungua, nikangoja mama mkwe arudi. Hakurudi. Mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, yakavunwa, na leso iko pale pale.

Sasa mtu akikaa hivyo bila kujiona, anaisha polepole. Niliacha kuchana nywele. Kuoga? Tusidanganyane. Nikichota maji, naingiza mkono nayakoroga kabla hayajatulia, nisije nikaona uso ndani ya ndoo. Baridi ya Kitale mnaijua, basi nilivaa koti la marehemu asubuhi mpaka jioni. Na mchana, saa nane hivi, nyumba ikinyamaza, leso ile ilikuwa inasogea. Dirisha limefungwa, lakini inaingia na kutoka kama mtu anapumua chini yake. Cheka wewe mama wa pale nyuma, lakini ungekuwa wewe ungetoka mbio!

Nilikuwa na binti wa miaka mitano. Siku moja alitoka nasari, akasimama mlangoni na mfuko wake. Mimi nimekaa kitandani. Akaniangalia kwa muda mrefu.

"Baba," akasema.

Nikageuka nyuma. Hakuna mtu.

"Baba, mama ameenda wapi?"

Nikamwita jina lake, akarudi kinyumenyume mpaka nje. Wiki hiyo hiyo hakukubali kulala kwangu, akalala kwa jirani. Mwishowe shemeji yangu akaja kumchukua, akampeleka Bungoma kwa nyanyake. Alipanda gari bila kuniangalia. Nililia, jamani, nililia mpaka sauti ikakauka. Mume nilimzika, na sasa mtoto naye ananikimbia.

Baada ya hapo nikaenda mjini Kitale kununua unga. Nikiwa natembea kando ya maduka, nikaona mtu amevaa koti lile, anatembea sambamba nami. Nywele zimeshikana kama za kondoo, macho yameingia ndani. Nikisimama, anasimama. Nikiharakisha, anaharakisha. Nikapiga nduru! Watu wakajaa. Mwanamke mmoja, msusi wa kutoka Kipsongo aliyekuwa anasuka watu pale barazani, akanishika mkono.

"Ni glasi ya dirisha la duka, dada," akasema. "Huyo ni wewe."

"Huyo si mimi."

"Haya. Si wewe. Keti hapa."

Hakunisuka. Aliangalia kichwa changu, akatingisha chake. Akasema, "Leo tunaanza na miguu. Miguu utaiona bila kioo."

Mnaona akili ya huyo mama? Akanipa jiwe la mtoni. Maji ya vuguvugu na chumvi, sugua, futa, halafu ndani ya ganda la avocado upake kisigino. Ukikosa, mafuta ya kukamulia ng'ombe. Sabuni ni kipande tu, ile ya kufulia. Wiki ya pili akasema mikono. Ya tatu viwiko, na limau lililokwisha kukamuliwa. Ya nne meno na shingo. Kila wiki napanda juu kidogo, kama mtu anatoka shimoni. Halafu akanikata nywele zote kwa makasi, akamalizia na wembe. Koti akaniambia nilivue hata kama ni baridi, nilifue, nilikunje.

"Umebaki uso," akasema. "Huo sina dawa yake."

Nikaenda kwa kibanda cha simu ya jamii, ile ya kulipia, nikampigia mama mkwe. Akaja na mtoto. Kuingia chumbani tu, akashika mdomo.

"Mayi! Hii kioo bado iko na leso? Si ulikuwa ufungue mara tu matanga imekwisha?"

"Si ni wewe ulifunga, mama?"

Akainama kufungua, mikono ikasimama. "Mimi nilifunga fundo moja. Hizi zingine mbili nani amefunga?"

Ufunguo wa nyumba ile ulikuwa mmoja, na ulikuwa wangu. Nikaangalia mikono yangu. Sikumbuki. Mpaka leo nawaapia, sikumbuki.

Mama akaniambia polepole, "Fungua zako. Yangu nitafungua."

Nikafungua mbili. Yeye akafungua moja. Leso ikaanguka. Nikajiona, kichwa bila nywele, uso umekonda lakini ni wangu. Na nyuma yangu kulikuwa na mtu amesimama. Nikageuka. Alikuwa binti yangu, amechungulia mlangoni.

"Mama," akasema, "umenyolewa vibaya."

Asante mama mkwe, uliyepanda gari siku hiyo hiyo. Asante msusi wangu, ambaye hukuniomba chochote ila nirudi wiki ijayo. Na nyinyi wapya, ulizeni. Msikae na hofu kwa sababu mnaona haya kuuliza. Nendeni nyumbani leo, mchemshe maji, muanze na miguu.

Na leso ile ndiyo hii nimejifunga kiunoni. Iko na fundo moja, na hili nakumbuka nilivyolifunga.