Majani Yaliyoachwa Mlangoni

Mama zangu, na ninyi baba zetu wa upande ule, nikikohoa leo ni vumbi tu la barabara, msihofu. Mnacheka. Kuna mwaka kikohozi changu hakikumchekesha mtu.

Nilikuwa bado mgeni katika boma la mume wangu. Yeye alikuwa kazini Kericho, mama mkwe alishafariki, mimi nachuma chai na mtoto mgongoni, kikohozi kikavu kinanikata mbavu. Baba mkwe alikuwa ananisikia kutoka kwake. Mnazijua chinsoni zetu: baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni wala kumhojihoji. Basi akaniwekea majani mlangoni, yale ya ule mmea wa jalalani wenye ua jeupe refu, akaenda zake. Kumbe wazee huyachoma na kuvuta moshi wake kutibu kifua. Nani angeniambia? Mimi nikayachemsha, nikanywa.

Ndugu zangu, nawaambia, hata adui yangu simwombei hayo. Mdomo ulikauka, mwanga ukaniumiza macho, moyo ukaenda mbio. Nikaanza kuchuma chai ukutani. Ukutani! Naita wenzangu walete vikapu, na mtoto analia sakafuni, simjui ni wa nani.

Jirani ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Baba mkwe alikuja, akaita kutoka nje, "Mama, kuna nini humo?" Akashika mwimo wa mlango, akarudi nyuma, akaushika tena. Kisha akaingia. Akanibeba mwenyewe hadi barabarani, wanawake wakigeuza nyuso kwa aibu.

Hospitali walinirudishia akili. Muuguzi akaniambia, "Huu mmea ni sumu, dada. Kuunywa ni kutafuta kifo, na hata moshi wake si wa kuchezea." Wakapima kifua, wakakuta kifua kikuu. Nilichomwa sindano mpaka nikachoka, lakini nikapona.

Baba mkwe alitoa mbuzi ili atakaswe kwa kuvunja mwiko, na bado wapo waliokataa kula naye. Hilo linaniuma hadi leo.

Asanteni mlionilelea mtoto. Kikohozi kisichoisha kipelekeni hospitali, na dawa usiyoijua, uliza kwanza, hata kama anayeijua huruhusiwi kumtazama.

Baba mkwe yuko hapa, benchi la nyuma. Mniwie radhi, nitageukia ukuta niseme hili moja: Tata, baba yangu, asante kwa kuingia.