Bi Kuruthum na Simu ya Ibra

Wasikilizaji wapendwa, mlio majumbani Ibra na Sur, mlio makazini Nizwa, na nyinyi mlio njiani Samail mnarudi kutoka Maskati, masalkheri.

Leo tunamkumbuka Bi Kuruthum binti Marzouq. Amefariki hapa kwetu Oman, mjini Ibra, katika nyumba ya mamake mkubwa, nyumba ile ile alimolelewa. Wengi wenu mlimjua kuwa ni yule bibi aliyekuwa mbunge Uingereza. Naam, ndiye. Lakini alikuwa na jambo jingine, na mwenyewe hakulificha. Alikuwa na wivu. Maisha yake yote alimwonea wivu mtu mmoja tu. Mtu huyo ni Bi Shurooq, binti wa mamake mkubwa.

Kuruthum alizaliwa Unguja. Mamake alifariki mapema, na babake, Mzee Marzouq, akenda Uingereza kutafuta maisha. Mtoto akaletwa Ibra kwa mamake mkubwa, Bi Ghaniya. Bi Ghaniya alikuwa na binti yake mwenyewe, Shurooq, mdogo kidogo kwa Kuruthum. Watoto hao wakalala kitanda kimoja, wakala sinia moja.

Suud, kaka yake Shurooq, anakaa Nizwa. Ametuhadithia hivi: "Mama hakuwa na upendeleo, wallahi. Nguo zao za Idi alizishona kitambaa kimoja. Lakini akianza kumsuka Shurooq, Kuruthum huondoka chumbani. Siku moja nikamfuata, nikamuuliza, una nini wewe? Akanambia, 'Yeye anamwita mama. Mimi namwita mamkubwa.' Mtoto mdogo vile! Neno lile sijalisahau."

Wote wawili wakenda kusoma Uingereza, kwa Mzee Marzouq, mjini Portsmouth. Wakabaki huko, wakachukua uraia. Kuruthum akaingia katika siasa. Alianza chini kabisa: kugonga milango ya watu mvuani, kuomba kura, kufungiwa milango usoni. Aligombea, akashindwa. Akagombea tena, akashindwa. Mara ya tatu ndipo alipopata.

Shurooq yeye aligombea mara moja tu. Chama chao kilimpa jimbo ambalo hakijapata kulipoteza. Akaingia bungeni kama mtu anayerudi kwao.

Kuruthum alipewa kazi ya unadhimu. Mnadhimu, wasikilizaji, ndiye anayewachunga wabunge wa chama chake. Anajua nani atapiga kura na chama na nani kanuna. Anajua wa kubembelezwa na wa kutishwa kidogo. Na kwa desturi ya bunge lile, mnadhimu hahutubii. Hukaa kimya. Basi Kuruthum akikaa kimya kwenye benchi, na Shurooq, aliyekwisha kufanywa naibu waziri, akisimama mbele yake na kuhutubia. Bunge zima likimsikiliza.

Bi Ghaniya akipiga simu kutoka Ibra: "Kuruthum mwanangu, leo nimemwona Shurooq kwenye televisheni. Na wewe ulikuwa nyuma yake, nimeuona mtandio wako!"

Mtandio tu. Kuruthum akicheka, akimshukuru, kisha akiikata simu.

Ikaja siku ya mtihani. Bi Ghaniya aliugua, akazidiwa. Shurooq akaomba ruhusa aende Ibra. Wakati ule serikali yao iliwazidi wapinzani kwa wabunge wachache mno, kila kura ilikuwa roho. Katika hali kama hiyo hutumika mapatano ya jozi. Mbunge wa upande huu akiwa na dharura, hutafutwa wa upande wa pili mwenye dharura yake, wote wawili wasipige kura, asipunjwe mtu. Si sheria. Ni ahadi ya mdomo. Kuruthum akampata mbunge wa upinzani aliyelazwa hospitali. Akatoa neno lake kwa mnadhimu wa wapinzani. Shurooq akapanda ndege.

Nakariri: Shurooq alikwenda Ibra kwa ruhusa, na aliyeitoa ruhusa ni Kuruthum.

Siku moja kabla ya kura, mnadhimu mkuu wa chama akamwita Kuruthum. Baadhi ya wabunge wao walikuwa wameasi. Mswada wa serikali ulikuwa hatarini.

"Mrudishe Shurooq," akasema. "Akiondoka leo atawahi."

"Tumetoa neno. Yule wa upinzani yuko kitandani, hawezi kuja."

"Ndiyo maana tutashinda."

"Na Shurooq akikataa?"

"Atafukuzwa, na nafasi yake itataka mtu mtiifu. Umekaa kimya miaka mingi, Kuruthum. Huna hamu ya kusema?"

Hebu fikirini. Shurooq akirudi, kamwacha mamake. Asiporudi, kapoteza cheo, na cheo ni cha Kuruthum. Kwa vyovyote, Kuruthum ndiye mshindi. Wala hakutakiwa kumsingizia mtu. Alitakiwa kupiga simu tu.

Akapiga. Bi Shurooq ametusimulia simu ile: "Nikasema, shikamoo dada, kuna nini? Nikamwambia, Mama kafumbua macho, anataka kusema nawe. Nikamwekea Mama simu sikioni."

Bi Ghaniya alisema kwa taabu, "Kuruthum, umekula?"

Ndilo aliloliuliza. "Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, mamkubwa." Hakuwa amekula.

Shurooq alipoichukua tena simu, Kuruthum akamwambia, "Kaa hapo hapo. Usitoke." Akakata. Kisha akarudi kwa mkubwa wake akasema, "Nimempigia. Lakini sikumwambia."

Kura zikalingana. Na kura zikilingana kule, Spika kwa desturi huacha mambo yalivyokuwa. Mswada ukaanguka. Siku hiyo hiyo, Ibra, Bi Ghaniya akafariki.

Kuruthum akavuliwa unadhimu. Wenzake wakimwona ukumbini wakigeuza njia. Uchaguzi uliofuata chama hakikumsimamisha. Na Shurooq? Waziri mkuu alitaka mtu ambaye hakuguswa na vurugu za kura ile. Akamfanya waziri kamili.

Kuruthum alizima televisheni. Hakumpigia kumpongeza.

"Alirudi Ibra," anasema Suud. "Shurooq akija likizo, Kuruthum anakuja kwangu Nizwa, wasikutane. Akilitaja jina lake, utadhani anatema kokwa ya tende."

Idi iliyopita Shurooq alikuja bila kuarifu. Akamkuta Kuruthum anapanga vikombe vya kahawa. Anasimulia Shurooq:

"Nikamuuliza, Da Kuruthum, unajuta? Akanambia, 'Kila siku. Cheo kile nilikitaka, na mpaka sasa nakitaka. Nikikuona roho inaniuma.' Nikalia. Akasema, 'Unalia nini? Mamako kafa umemshika mkono. Mimi nilikuwa mbali nahesabu kura za watu. Na hilo pia nakuonea wivu.' Kisha akanimiminia kahawa."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa mkono wa pole Bi Shurooq, Suud, na jamaa wote wa Ibra, Nizwa na Portsmouth. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Na sisi tuliobaki, kila mmoja anaye anayemwonea wivu. Pengine yuko meza ya pili kazini, pengine chumba cha pili nyumbani. Mtaje kimoyomoyo. Kisha jiulize ungemfanya nini siku aibu yake na faida yako zikiwa mkononi mwako.

Hitima inasomwa kesho baada ya Laasiri, msikiti wa mtaani kwao, Ibra. Bi Shurooq amekwisha kufika.