Tina ni Kifupi cha Nini?

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa duka lililofungwa siku nyingi, pale lami inapokutana na njia ya vumbi. Fundi hushona viatu kwenye ncha ya kulia. Kinyozi ana kibanda hatua nne kutoka hapo na huja kukaa kila anapokosa kichwa cha kunyoa, yaani karibu kutwa nzima. Profesa alikuwa tarishi wa ofisi miaka ishirini na sita, na kwa kuwa alibeba barua za wakubwa, anaamini alizisoma zote. Wa nne ni Tina, na chupa zake mbili za kahawa. Leo ilikuwa siku ya tano hayupo. Tumbo lilimkamata alfajiri, jirani akamkimbiza hospitali, na jirani huyo naye akasafiri. Kahawa ya leo kaichemsha Kinyozi.

— Kahawa gani hii ina povu? aliuliza Profesa.

— Birika ni lile lile la maji ya kunyolea. Fumba macho unywe.

— Fundi, wewe mbona hunywi?

— Nakunywa, alisema Fundi, na kikombe chake kilikuwa chini, kimejaa.

Hakuwa na hamu. Kwa miaka kumi na moja neno la kwanza aliloambiwa kila siku lilikuwa la Tina: "Fundi, umeamkaje?" Anaishi peke yake, chumba kimoja chenye kitanda, jiko na redio mbovu, na jana alishtuka kugundua kwamba ilikuwa imefika saa nne asubuhi bado hajasikia sauti yake mwenyewe. Alikuwa mpweke, basi. Hata yeye alikuwa ameacha kujidanganya kuhusu hilo.

— Haya, tusipoteze muda, alisema Profesa. Saa kumi wanafungua mlango wa kutazama wagonjwa. Leo tunakwenda na jina moja. Si kama jana.

Jana ilikuwa aibu tupu. Walikwenda watatu, wamevaa mashati ya kupiga pasi, Kinyozi kajipaka marashi mpaka mlinzi akapiga chafya. Pale dirishani karani akauliza mgonjwa wao anaitwa nani, na kabla mtu hajavuta pumzi Profesa akamwambia: "Andika Agostina, binti yangu. Huku mtaani tunamfupisha." Karani akapekua daftari. Hakuna Agostina. Kinyozi akadandia: "Basi Kristina." Kristina alikuwepo, ana miaka sita. Wakajaribu Faustina, wakajaribu Justina, sauti zikazidi kupanda, mpaka mlinzi akawashika viwiko. "Wazee, mnamtafuta mtu au mnabahatisha?" Wakatolewa nje kama wezi wa kuku.

— Mimi bado nasema Agostina, alisema Profesa. Kazaliwa mwezi wa nane yule.

— Nani kakwambia?

— Mwezi wa nane huwa anacheka sana. Hujaona?

— Hata mimi mwezi wa nane nacheka, na sikuzaliwa mwezi wa nane, alisema Kinyozi. Sikiliza. Mimi nimeshika vichwa vya watu maisha yangu yote. Jina la mtu liko kwenye kisogo. Kisogo cha Tina ni cha Valentina.

— Kisogo!

— Kimenyooka, kina maringo kidogo. Valentina hageuki ukimwita mara moja. Tina unamwita mara ngapi?

— Mara mbili, alikubali Profesa.

— Umeona?

— Hageuki kwa sababu anamimina kahawa ya moto, alisema Fundi.

Hawakumsikia. Profesa alikwishainua kidole chake cha shahada juu, na kidole hicho kikipanda hakishuki mpaka somo liishe.

— Pale ofisini kwetu, alisema, nilipeleka barua kwa Albertina mmoja na Ernestina wawili. Albertina ni mwanamke mwenye kabati la vyombo asivyovitumia. Ernestina hafungi bahasha, anaikunja tu. Sasa tujiulize. Tina anafunga vifuniko vya chupa zake au hafungi?

— Anafunga, tena kwa nguvu.

— Basi Ernestina tumemtoa. Tunasonga mbele.

— Tunasonga wapi? Umebakiza kumi!

— Jina refu, ndugu yangu, hupungua kadiri mtu anavyohama. Nyumba ya kwanza wanalikata mbele, nyumba ya pili wanalikata tena. Mtu akifika mtaani kwetu kabakia na mkia. Ukitaka kujua urefu wa jina la Tina, hesabu nyumba alizohamia.

— Kahamia ngapi?

Profesa alikunywa povu lake kwanza.

— Hilo sasa ndilo la kumuuliza mwenyewe.

Kinyozi alicheka peke yake. Fundi alichoma sindano kwenye soli, akaivuta, akaichoma tena palepale. Ilimuuma kwamba watu watatu wazima hawajui hata mama huyu alitokea wapi. Namba ya simu yake hawakuwa nayo. Namba ya nini, mtu mnayeonana kila siku? Yeye alijua mambo mengine: kwamba Tina hapendi kusimama juani, kwamba akichoka huvua kiatu cha kushoto tu, kwamba hunywa kahawa ya mwisho yeye mwenyewe, ya chini kabisa, iliyopoa. Hayo yote karani hana mahali pa kuyaandika.

— Tupige kura, alisema Kinyozi. Mimi Valentina.

— Mimi Agostina, mpaka kaburini.

— Fundi, wewe ndiye unatuamulia.

Fundi alitazama njia. Mama mmoja alikuwa anavuka barabara kuja upande wao, mkono wa kulia umefungwa bendeji, mkono wa pili kashika mfuko. Alisimama mbele ya benchi akawahesabu kwa macho, mmoja mmoja.

— Samahani, wazee wangu. Hapa ndipo kijiweni kwa Tina?

Wote watatu walisimama. Ubao ukainuka upande mmoja na mguu wa mtu ukapiga kikombe cha Fundi, kikamwagika.

— Ndipo, mama! alisema Profesa. Umetoka hospitali? Tena umefika wakati wake. Tusaidie kitu kimoja. Ni Agostina, siyo?

— Agostina ndiye nani?

— Au Valentina, alisema Kinyozi.

Mama yule aliwatazama kama watu wanaouliza njia ya kwenda nyumbani kwao wenyewe.

— Anaitwa Tina. Nimelala kitanda kilicho jirani na chake siku nne, kibao cha jina kiko pale miguuni: Tina, na jina la baba yake. Hata nesi alimuuliza kifupi cha nini. Akamwambia hakuna refu, baba aliliona linatosha.

Kinyozi alijikuna kisogo chake mwenyewe.

— Anaendeleaje? aliuliza Fundi.

— Kapata nafuu, baba, mshukuru Mungu. Ila hayupo tena. Dada yake kaja leo asubuhi kamchukua, wamepanda basi la kwao. Kasema hawezi tena kubeba chupa, atakaa huko huko.

— Kwao wapi?

— Hakuniambia. Alisema nyinyi mnapajua.

Fundi alikaa. Alikaa vibaya, nusu juu ya ubao na nusu juu ya sanduku la vifaa, na hakujisogeza.

— Jana alijua mtakuja, aliendelea yule mama. Alijichana nywele, mimi nikamsaidia kwa huu mkono mmoja. Saa kumi akasikia sauti huko ukumbini. Akanishika. Akasema, "Hao watu wangu hao, yule anayepiga kelele ni Profesa." Akajiweka sawa kitandani. Kisha sauti zikaondoka. Alikaa anatazama mlango mpaka wakaufunga.

— Hakuita? aliuliza Kinyozi, na sauti yake ilikuwa ndogo.

— Ana mshono wa tumbo, baba. Angeitaje?

Profesa alishusha kidole. Alikuwa hajui kwamba bado kiko juu.

— Fundi ndiye nani hapa?

— Mimi.

— Amesema usishindie kahawa tupu. Ule kwanza. Amesema nisisahau kukwambia hivyo.

Fundi aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimjaa machoni na hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na gundi. Aliona dirisha la jana, na karani, na yeye mwenyewe kasimama mbele kuliko wote, jina liko mdomoni, amelinyamazia kwa sababu mambo ya ofisi anayajua Profesa.

Mama aliuhamisha mfuko wake begani, akageuka kuondoka. Kisha akarudi nusu hatua.

— Ila kuna kitu sijakielewa, wazee wangu. Jina lake mlikuwa nalo. Mbona hamkulisema?

Kinyozi alitazama kibanda chake, ambapo hapakuwa na mteja. Profesa alitikisa birika kuona kama kuna kahawa, na haikuwemo. Wakamgeukia Fundi, nao wamemuachia jibu, kama walivyomuachia kura.

Fundi alisimama. Alifungua mdomo, na lililotoka likawa:

— Shikamoo, mama.

Mama yule alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini. Alimtazama kidogo, akaona asimtie aibu mbele ya wenzake, akaitikia:

— Marahaba, baba.

Akavuka barabara.