Fundi Baridi Kwenye Chumba cha Joto

Benchi letu liko nje ya saluni ya Kinyozi, upande wa kivuli, na kila asubuhi linabeba makalio yaleyale. Kuna Kinyozi mwenyewe, anayekaa nasi mpaka mteja atokee. Kuna Daktari, ambaye hajawahi kutibu hata paka. Alifagia zahanati zamani, akatoka na jina. Na kuna Fundi Baridi, mtengenezaji wa friji na viyoyozi, mtu anayetafutwa sana jua likiwa kali. Asubuhi hiyo Fundi alikuja kimya, akapokea kahawa yake bila kumtania muuzaji, akakaa mwisho wa benchi. Miguuni alivaa ndala za mkewe, za rangi ya waridi, visigino viko nje. Tuliziona sote na hakuna aliyesema neno, jambo ambalo kwetu si la kawaida.

Kinyozi alikuwa na lake. Kusimama kutwa kumemmaliza mgongo, na mkewe amemshikilia ajaribu mazoezi ya yoga, ile ya chumba cha joto, ghorofani juu ya duka la rangi ng'ambo ya barabara.

Kinyozi: Fundi, wewe si ulikwenda jana? Si binti yako ndiye anayefundisha? Hebu nipe habari. Nikienda nitakuta nini?

Fundi: Nenda mapema.

Kinyozi: Kwa nini?

Fundi: Kunajaa. Mikeka imebanana, ukinyoosha mkono umemshika mtu. Na viatu unaacha mlangoni.

Tukaziangalia tena zile ndala.

Daktari: Mimi nimeshaulizia kwa wanaojua. Lile joto linayeyusha mafuta ya tumbo. Unaingia mnene, unatoka umeshikilia suruali.

Mimi: Mbona waoka mikate wanashinda kwenye joto na vitambi wanavyo?

Daktari: Kwa sababu wanasimama wima. Mafuta yanataka uiname ndipo yapate njia.

Kinyozi: Daktari, ngoja. Fundi, joto lenyewe likoje?

Fundi: Unalowa kabla hujafanya lolote. Beba taulo, beba maji, usiende umeshiba. Jasho la jirani litakudondokea, usikasirike, na lako linamdondokea yeye. Kioo cha ukutani kinajaa mvuke mpaka hujioni. Hiyo ndiyo nafuu yenyewe.

Daktari: Na jasho la watu wote hao linakwenda wapi? Mmeshajiuliza? Chini yao kuna duka la rangi. Mnadhani zile rangi wanazizimua kwa maji gani?

Kinyozi: Mimi nimepaka saluni rangi ileile.

Daktari: Na kuta zako si zinatoka unyevu?

Kinyozi akageuka kuutazama ukuta wake, maana kweli zinatoka.

Daktari: Tena hayo ni madogo. Wenye nazo wanajua jua linasogea. Wanajizoeza mapema. Siku likitua juu ya paa, wao watakuwa wamejinyoosha kwenye mikeka wanapumua kwa pua, sisi tumekaukia hapahapa kwenye benchi.

Siku nyingine Fundi angekuwa wa kwanza kucheka mpaka kahawa impalie. Safari hii alikuwa anavitazama vidole vyake vya miguu. Nikaona nimtoe huko.

Mimi: Na binti je? Anafundishaje?

Fundi: Wana kiyoyozi kipya. Kipo juu ya kioo, kona ya kushoto. Feni yake inagusa ganda kidogo, sauti yake nimeitambua mara moja.

Mimi: Nimekuuliza habari za binti.

Fundi: Si ndiko naelekea. Kile kiyoyozi kilikuwa kinapuliza joto.

Kinyozi: Si ndiyo yoga yenyewe.

Fundi: Sasa najua. Binti alinieleza, tena zaidi ya mara moja. Nilikuwa nimeingiza kichwa kwenye friji ya mtu, nikaitikia tu. Jana nimeingia mle, watu wanamwagika jasho, wengine wanaguna, kiyoyozi kinapuliza moto. Bwana, mimi maisha yangu yote nikiona hivyo ninaitwa nitengeneze.

Kinyozi aliacha kikombe njiani kabla hakijafika mdomoni.

Kinyozi: Fundi. Usiniambie.

Fundi: Aliwaambia walale chali, wafumbe macho. Nikasema, huu ndio wakati wangu. Bisibisi natembea nayo. Nikapanda kiti, nikafungua ganda, nikakirudisha kwenye baridi, tena baridi ya mwisho. Ile feni nikaisogeza, isipige kelele. Kazi safi kabisa.

Daktari: Wakafurahi?

Fundi: Watu wamelowa chapachapa, wamepigwa na upepo wa barafu ghafla. Mmoja alikazwa na msuli wa paja, akapiga ukelele ule. Wengine chafya. Mikeka imebanana, mmoja akiruka anamkanyaga wa pili. Na mimi niko juu ya kiti, nimewageukia, nangoja wanishukuru.

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alikishusha kikombe chini.

Mimi: Binti alisemaje?

Fundi: Alisema, "Baba, shuka." Basi. Hapo ndipo wote walipojua kwamba ni baba yake. Na mwenye ukumbi ule wa yoga alikuwa mstari wa mbele, jana ndiyo alikuwa anampima kama atampa kazi ya kudumu. Niliona aibu, jamani. Nilitoka peku mpaka nyumbani. Usiku binti alipoingia nilijifanya nimelala, na leo nimeondoka kabla hajaamka.

Aibu yake ilitushukia na sisi. Daktari alianza kusema kuhusu baridi na mishipa, akaacha mwenyewe.

Wakati huo binti alikuwa anavuka barabara, mkoba begani, mfuko wa plastiki mkononi. Fundi alimwona akiwa ameshachelewa kukimbia, na kwa ndala zile asingefika mbali.

Binti: Shikamooni.

Tukaitikia kwa pamoja, kwa heshima kuliko siku zote. Akatoa viatu kwenye mfuko, akaviweka mbele ya baba yake. Soksi zilikuwa zimekunjwa ndani yake.

Fundi: Mwenye ukumbi amesemaje?

Binti: Amesema atanijibu jioni.

Fundi: Mwanangu, mimi jana...

Binti: Yameshapita, baba. Nilitaka kukuuliza kitu kimoja tu. Wateja wananionea haya, hawawezi kuniambia. Wewe ni baba yangu, utaniambia ukweli. Kabla hujapanda kile kiti, nilikuwa nafundishaje?

Daktari, mwenye jibu la kila kitu, aliinamia kikombe chake. Kinyozi alitazama mlango wa saluni kama anayemwomba Mungu mteja. Fundi angeweza kumweleza feni ilikuwa inagusa wapi na ganda lile lilikazwa kwa skrubu za aina gani. Akainama, akaingiza mguu kwenye kiatu, akafunga kamba, akaifungua, akaanza kuifunga upya.

Binti alikuwa bado amesimama, anangoja.