Jina Tulilomchakazia Tata Ntambwe

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa nane ya mchana, Tata Philippe Ntambwe atakabidhi funguo za uwanja wa petanki wa serkle, yaani klabu ya wafanyakazi, hapa Kolwezi, na kuanza mapumziko yake. Atakuwa ameitumikia kampuni yetu miaka thelathini na mmoja na miezi karibu minne. Katika muda huo wote amekosa kazi siku tisa tu: mbili za msiba wa mama yake, na saba za hospitali ambazo nitazieleza, maana mambo yote yanaanzia hapo.

Niliombwa niandike ukurasa mmoja wa furaha kwa ajili ya jarida letu. Furaha ipo, na nitaitoa yote niliyo nayo. Lakini wasomaji wanisamehe, ukurasa huu umeandikwa na mtu mwenye aibu.

Tata Ntambwe alizaliwa Mutshatsha, nyumbani kwa fundi wa reli, akapewa jina la babu yake, mtu ambaye watu wa huko bado wanamtaja kwa heshima. Aliingia kwetu Machi 1994 kama msaidizi wa karakana. Ilikuwa miaka migumu, na wengi waliacha kazi wakaenda kutafuta maisha kwingine. Yeye alibaki na pampu zake. Mafundi wa zamani wanasema alikuwa anatega sikio kwenye pampu inayozunguka na kukutajia kipande kitakachoharibika wiki ijayo. Kisha, mwaka 2001, mashine ya kukunja mabati ikamkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Alipotoka hospitalini alipewa barua ya kumhamishia serkle, atunze uwanja. Barua hiyo bado imo kwenye faili lake, na inasema amepewa "kazi nyepesi".

Nyepesi! Aliyeandika hivyo hakuwahi kusawazisha uwanja wa petanki Kolwezi mwezi wa Agosti, vumbi la machimbo likishuka tangu asubuhi mpaka jioni. Tata Ntambwe alichekecha udongo mwekundu kwa mikono yake, akauchanganya na changarawe laini, akaunyunyizia maji kila siku na kuupitia kwa reki mpaka ukawa sawa kama meza. Mwaka 2017, siku ya mashindano ya mkoa, mvua ilinyesha saa tatu mfululizo. Sisi wachezaji tulikimbilia baa. Yeye alifunika uwanja kwa vipande vya mikanda mikuukuu ya mitambo ya kubebea mawe, ambavyo alikuwa amevikusanya mwaka mzima bila kumwambia mtu, na saa tisa mchezo ukaanza kwenye ardhi kavu. Wageni walitupongeza sisi.

Kwa asiyeujua mchezo: tunarusha matufe ya chuma, yanayoitwa pia boule, na anayekaribia zaidi kijitufe cha mti, ambacho tunakiita koshone, ndiye anayepata. Matufe mawili yakilingana, vita huanza, na hapo Tata Ntambwe ndiye aliyekuwa mahakama yetu. Alikuwa na kamba yenye mafundo na jicho lisilompendelea mtu. Mwaka mmoja alipima tufe la mkurugenzi mwenyewe, akamwambia kwa upole kwamba amekosa kwa upana wa njiti ya kiberiti. Mkurugenzi alipiga magoti kwenye udongo na suruali yake nyeupe, akatazama, akainuka na kuwaagizia watu wote bia.

Sasa nije kwenye lugha yetu, kwa sababu huko ndiko tulikokosea. Wachezaji wa petanki hatuna maneno mengi, ila hayo machache tunayatumia mpaka yanatoa moshi. Tufe likilifyatua la adui na kukaa pale pale la adui lilipokuwa, tunapiga kelele "karo!" Ni haki. Lakini siku hizi mtu akiegesha gari vizuri, karo. Jirani akizaa mapacha, karo. Padri akimaliza mahubiri mapema, karo kubwa. Aliyefungwa kumi na tatu kwa sifuri amepigwa "fani", na kwa desturi ya serkle yetu anachukua reki mkononi mwa Tata Ntambwe na kusawazisha uwanja mzima mbele ya watu. Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa kazi ambapo mkuu wetu alisema ripoti ya mwaka tuipige karo kabla hatujapigwa fani. Mgeni mmoja kutoka Lubumbashi aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake, na nadhani mpaka leo anayatafutia maana.

Na lipo neno jingine, lililozaliwa hapa hapa kwetu. Tufe likitoka vibaya mkononi na kufia njiani, mbali na koshone, sisi tunasema ni ntambwe.

Lilianza mwaka 2003. Timu yetu ilikosa mtu wa tatu, tukamwita mtunza uwanja aje atusaidie. Tata Ntambwe alijifuta mikono, akashika tufe kwa ule mkono wa vidole vitatu, akarusha. Likamteleza, likaanguka hatua mbili mbele ya miguu yake. Karani mmoja wa magazini, ghala letu la vifaa, aliyependa kuchekesha watu, akapaza sauti: "Ah! Ile haiko boule, ile iko ntambwe!" Watu walicheka hadi kushikana mabega. Yeye pia alicheka, kidogo, akaenda kuokota tufe lake, na tangu siku hiyo hakurusha tena. Karani huyo ni mimi, Stany Kitenge, ninayeandika ukurasa huu.

Neno lilipendwa haraka. Likatoka uwanjani likaingia ofisini: lori lililoharibika njiani ni ntambwe, mkutano ulioahirishwa ni ntambwe, mchumba aliyeahidi kuja kujitambulisha na hakuja ni ntambwe mbaya kabisa. Wachezaji wakalibeba pamoja na matufe yao mpaka Kisenge, na hata Mutshatsha, kule kule ambako jina hilo lilikuwa la babu yake aliyeheshimiwa. Mimi nilijivuna. Niliwahi kusema baa, chupa mkononi, kwamba wengine wanaacha nyumba duniani, mimi nitaacha neno.

Yeye hakusema kitu, nasi tukachukua ukimya wake kuwa ruhusa. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama kando ya uwanja na reki yake, akisikia jina lake likipigiwa kelele kila tufe lilipokufa.

Mwezi wa Mei mwaka huu timu ya Kisenge ilikuja kucheza nasi. Nahodha wao, Mechack, ni mtu mwenye adabu, na mchezo ulipokwisha alikwenda kumshukuru aliyetengeneza uwanja mzuri namna ile. Alimshika mkono na kumwuliza, "Tata, jina yako njo nani?" Tata Ntambwe akamjibu. Mechack akacheka akidhani anataniwa. "Apana, tata, jina ya kweli." Na yule mzee, kwa sauti ile ile, akamwambia, "Njo ile."

Mechack alivua kofia. Alisema, "Tata, unisamehe. Shiye kule Kisenge tulizania iko maneno ya muchezo tu." Kisha akatugeukia sisi wenyeji na kuuliza nani alianzisha. Wenzangu wote walinitazama mimi. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu, nikajibu nikiwa huko huko chini, "Ile iko maneno ya zamani." Nilipoinuka, Tata Ntambwe alikuwa ananiangalia. Angeweza kunitaja. Aliokota ndoo yake akaenda kunyunyizia maji.

Jumapili iliyofuata nilipigwa fani, mara ya kwanza maishani mwangu, nikapokea reki mbele ya watu. Mpini wake umezungushiwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, tabaka juu ya tabaka, ili mkono usio na vidole vyote uweze kuushika. Sikuwahi kuuona, na nilikuwa napita kando yake kila Jumapili. Sikufika nusu ya uwanja kabla ngozi ya viganja haijachubuka. Yeye alisimama karibu nami akasema tu, "Usisukume, Stany. Uvute." Nilivuta, na niliona haya kuliko siku yoyote ninayoikumbuka.

Kamati ya serkle haikujua yaliyokuwa yananisumbua, ila nayo ilitaka kumpa mzee zawadi kubwa kuliko saa ya ukutani. Mama Mbelu, mwenyekiti wetu, alipendekeza uwanja upewe jina lake: Uwanja wa Philippe Ntambwe, kwa herufi za buluu, kwenye ukuta unaoelekea lango. Tulikubali sote kwa kupiga makofi. Ukuta ukapakwa chokaa, mchoraji akaitwa. Mama Mbelu akaenda mwenyewe kumpa habari, akitazamia kumwona anafurahi. Tata Ntambwe alimshukuru, akamshika mikono yote miwili, kisha akasema, "Mama, musiandike. Mutu akisoma Ntambwe pale ku ukuta, atacheka tu. Atasema njo fasi ya maboule yenye kufa."

Mama Mbelu alirudi akatueleza. Tulikuwa na ukuta, rangi na mchoraji. Kitu pekee tulichotaka kumpa kilikuwa jina lake, na hilo tulikuwa tumekwisha kuliharibu.

Jumamosi nilipanda pikipiki nikaenda nyumbani kwake Musonoi. Binti yake, Falonne, anayefanya kazi duka la dawa, alinipa kiti na maji ya kunywa, akaniita tata, akanitendea heshima yote ambayo sikustahili. Aliniambia bila kupandisha sauti kwamba shuleni, mwalimu alipokuwa anasoma jina la Ntambwe kwenye orodha, darasa zima lilijibu "Imekufa!" Ndiyo sababu kwenye koti lake la kazi pameandikwa Falonne tu.

Nilimwambia Tata Ntambwe, mbele ya binti yake, kwamba ni mimi niliyelianzisha neno, na kwamba mbele ya Mechack nilidanganya. "Minajua," alisema. Basi nikatoa pendekezo langu, ambalo nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima juu ya pikipiki na kuliona zuri sana: kuanzia sasa tufe linalofia njiani liitwe kitenge, kwa jina langu, nami nilibebe mpaka nizeeke. Alitikisa kichwa. "Apana, Stany. Kitenge iko jina ya batoto yako. Boule yenye kufa, museme tu imekufa." Ndipo nikaona kwamba hata toba yangu nilikuwa nimeitengeneza iwe kichekesho.

Wapendwa wenzangu, basi tufanye hivyo. Ijumaa, kabla ya hotuba na kabla ya kuku, tutacheza mchezo mmoja kwenye uwanja atakaokuwa ameusawazisha kwa mara ya mwisho. Tumemwomba arushe tufe la kwanza, naye amejibu, "Tutaona." Matufe mengi yatafia njiani, maana hatuchezi vizuri kama tunavyozungumza. Yakifa, tuseme yamekufa, na tunyamaze. Itatushinda mwanzoni, kwa sababu ulimi umezoea, na mimi nitakuwa wa kwanza kuuma wangu.

Ukuta utabaki mweupe. Mama Mbelu ameagiza kopo la rangi ya buluu lihifadhiwe stoo, likiwa limefungwa vizuri. Itakapopita miezi ya kutosha bila mtu kuteleza ulimi, wala hapa, wala Kisenge, wala Mutshatsha, tutakuja tena Musonoi kukuomba ruhusa, Tata, na ukikataa tutakuelewa.

Asante kwa pampu, kwa udongo, kwa mikanda ya mwaka 2017, kwa kamba yenye mafundo, na kwa subira ambayo hatukuwa na haki ya kuitumia. Pumzika vizuri kati ya wanao na wajukuu zako. Afya yako iwe njema na nyumba yako iwe na amani. Na kuanzia Ijumaa, kila mtu atakayeita jina lako Kolwezi, awe anakuita wewe.